Mama Msumeno Haonekani: Kumbe Kila Pomboo Ana Kitambulisho Chake!

WIKI hii, mpenzi msomaji, naomba tuwaache kidogo wachumba walioachana na dada zetu wanaojichubua. Twende baharini. Najua wengine mtaguna, "Huyu naye na bahari wapi na wapi?" Vumilia. Habari yenyewe ina mama, ina mtoto, ina siri, na ina mtu mzima aliyekaa kimya miezi kadhaa kwa sababu ya aibu. Ukimaliza kusoma utaniambia kama haistahili ukurasa huu.

Mwezi uliopita nilipanda basi pale Makumbusho nikaenda Bagamoyo kumwona mjomba wangu. Mjomba ni mvuvi tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilimaliza fomu foo nikabaki mjini na kalamu yangu, na kwake hiyo si kazi. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, halafu hapo hapo akauliza, "Bado unaandika-andika tu?"

Kesho yake alfajiri akanichukua baharini, nadhani anikomeshe. Nilikuja na raba nyeupe, nikaambiwa nizivue pale pale ufukweni mbele ya vijana wa soko la samaki, wakacheka mpaka basi. Tukasukuma mashua, tukapanda, tukaelekea kaskazini.

Jua limeshatoka, tuko mbele ya mlango wa mto Ruvu, pale maji ya mto yanapoingia baharini na bahari ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Ghafla nikaona migongo mitatu inapanda na kushuka. Nikapiga kelele kama mtoto.

"Mjomba, pomboo! Pomboo hao!"

Nikatoa simu nipige picha. Mjomba wala hakushangaa. Alisimama nyuma ya mashua, kiganja juu ya macho, akawa anatazama kila mgongo ukitokea, midomo inacheza kama anayehesabu hela. Kisha akakaa.

"Hayumo," akasema.

"Hayumo nani?"

"Mama Msumeno."

Nikaangua kicheko. Pomboo ana jina? Tena jina la mama mtu mzima? Mjomba akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyekula hela za ada bure.

"Wewe ukipita mtaani kwenu, watu wakikuona kisogo hawakujui?"

"Wananijua."

"Basi na mimi nawajua kwa migongo. Yule wa mbele pezi lake limelala upande. Yule wa pili ana baka jeupe. Mama Msumeno pezi lake lina mikato mitatu kwa nyuma, kama meno ya msumeno. Nilikuwa namwita Msumeno tu, nikijua ni dume. Kaskazi moja nikamwona na kitoto ubavuni. Ikabidi nimpandishe cheo."

Nilidhani ni soga za wavuvi. Si unawajua wazee wa pwani, wakianza kusimulia hata changu anakuwa na ukubwa wa jahazi. Lakini niliporudi mjini nikaanza kuulizia na kusoma, na nikabaki mdomo wazi. Kumbe kile anachofanya mjomba kwa macho yake, wenzetu wenye shahada wanakifanya kwa kamera, na ndiyo njia inayotegemewa dunia nzima kuwajua wanyama wa baharini waliobaki wachache.

KITAMBULISHO KIPO MGONGONI

Kwanza tuelewane. Pomboo si samaki. Ni mnyama kama wewe na mimi: anapumua kwa mapafu, anazaa, ananyonyesha. Kila baada ya muda mfupi lazima aje juu avute hewa. Na akija juu, kitu cha kwanza unachokiona ni pezi la mgongoni.

Ukingo wa nyuma wa pezi hilo ni mwembamba na unachanika kirahisi. Akigombana na wenzake anang'atwa. Akiponea chupuchupu kwa papa, anaondoka na jeraha. Akijikwaruza kwenye wavu, anakatwa. Kidonda kinapona, lakini pale palipotoka nyama pengo linabaki. Miaka ikienda, kila pezi linakuwa na ramani yake, na hakuna mapezi mawili yaliyochanika sawasawa.

Kazi ya mtafiti basi ni kukaa kwenye boti na kamera yenye lenzi ndefu, jua linamchoma, anapiga picha kila pezi, upande wa kulia na wa kushoto. Anaandika tarehe, saa, mahali, yupo na nani, ana mtoto au hana. Jioni anakaa na picha zake, anazilinganisha moja moja na zile za zamani. Pezi likifanana na lililomo, huyo ni mwenyeji. Lisipofanana, mgeni huyo, anapewa namba yake.

Mtindo wenyewe si wa jana. Miaka ya 1970, mtafiti mmoja wa Kanada aitwaye Michael Bigg aliutumia kwa wale pomboo wakubwa weusi na weupe wanaoitwa nyangumi wauaji. Watu walidhani wako kibao. Alipowapanga kwa picha, mmoja mmoja, ikaonekana ni wachache kuliko ilivyodhaniwa. Picha ya pezi ikawa ushahidi.

KIZIMKAZI WALIANZA ZAMANI

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Ukisimama ufukweni Bagamoyo ukatazama mashariki, Unguja iko mbele yako ng'ambo ya mkondo. Kusini kabisa mwa kisiwa hicho kuna Kizimkazi. Wengi wanakijua kijiji hicho kwa msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wengine wanakijua kwa pomboo.

Zamani pomboo wa Kizimkazi walikuwa wanachinjwa, nyama yao inakuwa chambo cha kuvulia papa. Mwaka 1992 watalii wakaanza kupelekwa kuwatazama. Watu wakapiga hesabu: pomboo aliyekufa unamtumia mara moja, aliye hai anakulipa kila asubuhi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uwindaji ukafa wenyewe.

Mwishoni mwa miaka hiyo watafiti wakaingia na kamera. Alikuwepo Omar Amir wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, na Per Berggren kutoka Sweden, pamoja na wenzao. Wakapiga mapezi picha msimu hadi msimu.

Walikuta aina mbili zinazokaa pale. Wa kwanza ni yule mwenye mdomo kama shingo ya chupa, ndiye anayependwa na watalii. Wa pili ni mwenye nundu: mgongoni ana kichuguu, na pezi dogo limekaa juu ya kichuguu hicho. Huyu wa pili ni mwenye haya, hapendi boti, anakaa karibu na nchi kavu kwenye maji mafupi. Nilipoona picha yake nikaruka. Ndiye! Ndiye aliyekuwa mbele ya mlango wa Ruvu.

KAMA DALADALA ZA STENDI

Sasa swali: utajuaje wako wangapi wakati hawakai foleni? Hesabu yenyewe ni tamu, nami niliyefeli hesabu nimeielewa, kwa hiyo na wewe utaielewa.

Tuseme unataka kujua mabasi mangapi yanakwenda Bagamoyo. Huwezi kuyasimamisha yote. Basi unakaa stendi siku moja, unaandika namba za mabasi 20. Wiki ijayo unarudi, unaandika tena 20. Ukitazama, kati ya hayo 20 ya leo, 10 ulikwisha yaandika wiki iliyopita. Yaani nusu ya mabasi ya leo unayajua. Kwa hiyo yale 20 ya kwanza yalikuwa kama nusu ya mabasi yote, na jumla yake ni kama 40. Hukuyaona yote, lakini umeyahesabu.

Pezi ndiyo namba ya basi. Wadogo ambao bado mapezi yao ni masafi wanakadiriwa pembeni, kwa kuangalia ni wangapi katika kila kundi hawana alama.

Kwa njia hiyo, kati ya 1999 na 2002, makadirio ya kusini mwa Unguja yalikuwa hivi: pomboo wa mdomo wa chupa kati ya 136 na 179. Wenye nundu kati ya 58 na 65.

Soma tena hapo. Wenye nundu, sitini hivi! Basi moja kubwa la mkoani linawabeba wote na kiti cha konda kinabaki.

MAMA NA MTOTO

Ukishawajua mmoja mmoja, ndipo mambo yanaanza kufunuka. Idadi peke yake ni kama kuambiwa nyumba ina watu saba. Haikwambii nani mama, nani anaumwa, nani amehama bila kuaga.

Jike la pomboo si kuku, kila mwezi vifaranga. Anabeba mimba karibu mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, anamnyonyesha zaidi ya mwaka, na mara nyingi inapita miaka mitatu hivi au zaidi kabla hajazaa mwingine. Mambo hayo unayajua tu kama unamjua mama kwa sura na unamfuatilia mwaka hadi mwaka.

Pale Kizimkazi watafiti waliwafuata majike na kuandika wanashindaje, boti za watalii zikiwepo na zisipokuwepo. Boti zisipokuwepo, kama asilimia 38 ya muda wao walikuwa wamepumzika. Boti zikija, muda wa kupumzika ukashuka hadi kama asilimia 10. Mama anayenyonyesha hapati hata usingizi wa mchana! Wewe uliyekodi boti mkawazunguka pomboo sita kwa boti kumi, hebu jiulize.

Na kuna hili lililonimaliza kabisa. Hawa wa mdomo wa chupa wanajuana kwa majina. Sitanii. Kila mmoja ana mluzi wake mwenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Scotland walitangaza kwamba pomboo akipigiwa mluzi wake yeye, anaitika, na akipigiwa wa mwingine asiyehusika naye, wala hajishughulishi sana. Kwa hiyo mjomba kumwita mmoja Mama Msumeno si wazimu. Huenda amechelewa tu, mwenye mdomo wa chupa anajipa jina lake tangu utotoni.

JARIFE HALICHAGUI

Hatari kubwa kwa wanyama hawa ni wavu. Hasa jarife, ule wavu mrefu wa macho makubwa unaotegwa jioni kwa ajili ya jodari, nguru, papa na taa, ukavutwa alfajiri. Pomboo akinasa humo usiku hawezi kuja juu kuvuta hewa. Anakufa kwa kukosa pumzi, majini alimozaliwa.

Watafiti wa Zanzibar waliwaweka waangalizi kwenye vyombo vya wavuvi, wakahesabu wanaonaswa kwa bahati mbaya, kisha wakalinganisha na idadi waliyoipata kwa mapezi. Jibu lilikuwa zaidi ya watano katika kila mia, kila mwaka. Watano kwa mia unaweza kuona ni kidogo. Hebu tupige hesabu ya sokoni.

Una wanyama 60. Tuseme majike wazima ni 20. Kila mmoja anazaa mara moja kwa miaka mitatu, kwa hiyo kwa mwaka mmoja wanazaliwa watoto sita au saba. Wengine wanakufa wachanga, wengine wanaliwa na papa. Sasa jarife likichukua watatu kila mwaka, na mmoja wao akawa jike lililokuwa linakaribia kuzaa, umebaki na nini? Unakula mtaji. Muuza genge yeyote atakwambia mwisho wake.

Ndiyo maana pomboo wenye nundu wa Bahari ya Hindi wamewekwa kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Wako katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na ufukwe wake.

Ukitaka kujua ubaya wa kutowajua, kumbuka Nungwi. Mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo kama 400 walikutwa wamekufa ufukweni, kaskazini mwa Unguja. Walikuwa aina ya mdomo wa chupa. Watu walilia, watu walishangaa, magazeti yaliandika. Lakini waliandikwa kama mzigo: mia nne. Akina nani? Walitoka kundi lipi? Walioacha watoto ni wangapi? Mtu asiye na picha kwenye daftari la mtu yeyote, akifa anakuwa namba tu.

HATA KWENYE BARAFU

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Huko Alaska, Marekani, kwenye ghuba iitwayo Cook Inlet, wanaishi nyangumi weupe pepe, wanaitwa beluga. Hao hawana pezi la mgongoni kabisa. Sasa utamjuaje mtu asiye na kitambulisho?

Wakatafuta njia. Tangu 2005 watafiti wanawapiga picha ubavuni, wanasoma makovu na mabaka ya ngozi, jinsi polisi anavyosoma alama za vidole. Baadaye wakaongeza vile videge visivyo na rubani, vinawapiga picha kutoka juu. Mama mwenye kovu fulani akionekana na mtoto wa kijivu ubavuni (watoto wao huzaliwa na rangi ya kijivu), anaandikwa.

Mwaka 1979 beluga wa ghuba hiyo walikadiriwa kuwa 1,300 hivi. Hesabu ya 2018 iliwapata 279. Waliwindwa mno, uwindaji ukadhibitiwa mwaka 1999, na watu wakategemea watarudi haraka kama mchicha baada ya mvua. Hawakurudi. Hapo ndipo umuhimu wa kumjua mmoja mmoja unapoonekana: hesabu ya jumla inakwambia wanapungua, lakini ni daftari la sura linaloweza kukwambia kama majike hayazai, au yanazaa na watoto hawakui. Dawa ya ugonjwa mmoja si dawa ya mwingine.

Jirani zetu Kenya nao wana madaftari ya mapezi, Watamu, na kule Kisite-Mpunguti karibu na Shimoni.

NA HUKU KWETU JE?

Turudi kwenye pwani yetu, kutoka Kunduchi na Mbweni, ukapita Mbegani na Bagamoyo, mpaka Saadani. Ni maji mafupi, yana mikoko, yana milango ya Ruvu na Wami. Ni aina ya mahali ambapo mwenye nundu anapenda. Kwa bahati mbaya ndipo jarife nalo linapotegwa.

Mwaka 2015 watafiti walisafiri kwa chombo kwenye pwani yote ya Tanzania wakitafuta pomboo na nyangumi. Nyuma ya chombo walivuta kipaza sauti cha chini ya maji ili wasikilize miluzi yao. Unajua walisikia nini? Baruti. Milipuko 318 iliyothibitishwa. Na milipuko 62 katika kila mia ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Piga picha ya ramani kichwani. Bagamoyo imo.

Fikiria mnyama anayeishi kwa masikio, kwenye maji ya chai ya maziwa ambamo hata mkono wako huuoni, halafu jirani anapigiwa baruti. Kwa haki ya Mungu, baada ya msako mkali uliofuata milipuko ilipungua sana, na mjomba mwenyewe anasema siku hizi bahari imetulia. Lakini jarife halina mlio. Lenyewe linaua kimya kimya.

SIRI YA MJOMBA

Sasa nije kwenye lile nililokuahidi.

Usiku ule tulikuwa barazani, tumeshakula wali na samaki wa nazi, shangazi (mke wake mjomba, lakini nimemzoea hivyo) kaingia kulala. Nikamuuliza tena habari za Mama Msumeno. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, nikadhani kasinzia.

"Kusi iliyopita," akaanza, "nilitega jarife pale pale tulipopita. Alfajiri kuvuta, zito. Nikasema leo nimepata papa. Kuja juu, kile kitoto."

Alikuwa amejiviringa, wa baridi. Na pembeni, kama hatua thelathini, Mama Msumeno anazunguka. Anakuja juu, anapuliza, anazama, anarudi.

"Nikachukua kisu nikakata wavu. Kile kitoto kikaanguka majini. Mama akaja chini yake, akawa anakiinua kwa pua. Anakiinua, kinateleza. Anakiinua, kinateleza. Mpaka nikawa siwaoni."

Hakumwambia mtu. Kwanza sheria za uvuvi zinakataza kuvua pomboo, na nani atamwamini kwamba hakukusudia? Pili, aibu. "Mtu ninayemjua kwa jina, nimemuulia mtoto," akasema. Tangu siku ile, kila akipita mbele ya Ruvu anahesabu migongo. Mama Msumeno hajaonekana.

Mimi mtoto wa mjini nikajifanya mjuaji. "Basi mjomba, achana na jarife."

Akageuka. "Niache nile mchanga? Hao wapwa zako wanaosoma ada inatoka wapi, kwenye gazeti lako? Ukiandika, uandike na bei ya jarife."

Nimeiandika, mjomba: ni kubwa kuliko ninavyolipwa kwa makala nyingi kama hii. Na tusijidanganye, hakuna mvuvi anayefurahi kumnasa pomboo. Hamuuzi, wavu unachanika, siku imeharibika. Ni hasara kwa wote wawili.

Lakini zipo njia ambazo si lazima mtu aache kazi. Wavuvi wa jodari wa Pakistan walishusha nyavu zao mita 2 chini ya uso wa maji badala ya kuziacha zielee juu kabisa, na pomboo wanaonaswa wakapungua sana. Hapo Zanzibar pia vilijaribiwa vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye jarife na kutoa mlio majini ili pomboo ajue kuna kitu, navyo vilisaidia. Tatizo la vifaa hivyo ni bei na betri. Mvuvi wa mashua moja hawezi kuvinunua peke yake. Hapo ndipo vikundi vya wavuvi vya ufukweni na wenye mifuko mirefu wanatakiwa.

Na kuna kitu kisicho na gharama: kujua ni wapi wanapita na lini, usitege hapo siku hizo. Nani anajua wanapopita? Mjomba. Ameyabeba kichwani miaka yote, na siku akiondoka duniani ataondoka nayo.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kupanda basi, nilikwenda dukani nikamnunulia daftari kubwa na kalamu mbili. Nikamwambia: kila ukiwaona, andika tarehe, mahali, wangapi, na uchore pezi. Akanicheka. "Leo mimi ndiye nimekuwa mwandishi?" Lakini alilichukua, akalifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe.

Juzi nikampigia simu. Ameshachora wanne, siku mbili tofauti. Yule wa pezi lililolala yupo. Mwenye baka yupo.

"Na Mama Msumeno?"

Kimya kidogo. Nasikia upepo kwenye simu.

"Ukurasa wake nimeuacha," akasema. "Nimemchora kwa kumbukumbu. Tarehe ndiyo sijaandika."

Wewe msomaji unayevua, au unayepelekwa matembezi Mbudya na Bongoyo, ukiwaona usiwafukuze. Zima mashine, waache wapite, piga pezi picha ukiweza, andika siku na mahali, upeleke kwa ofisa uvuvi wako au kwa hao wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Na ukiona pezi lenye mikato mitatu kwa nyuma, kama meno ya msumeno, tafadhali niletee habari kupitia gazeti hili. Kuna mzee Bagamoyo anangoja kuandika tarehe.

Wiki ijayo tunarudi kwa wachumba wetu. Kaeni salama.